Baba Hakutaka Kuagwa

Nilipofika nyumbani Michenga kuaga, baba alikuwa ameshaondoka. Mama aliniambia kwa sauti ya chini, huku akipuliza moto, kwamba mzee aliposikia nakuja alifunga unga na chumvi, akaenda bondeni kulinda mpunga.

"Amesema anarudi lini?"

"Hajasema kitu, mwanangu."

Nilikuwa askari kijana, nimechaguliwa kwenda Lebanon kulinda amani. Kesho yake alfajiri nilitakiwa kupanda basi Ifakara. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, mto umefurika, na njia ya shambani ilikuwa maji matupu. Mama alinikataza kwenda. Nilivua viatu, nikaazima mtumbwi wa jirani, nikaenda.

Baba alikuwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti tunalojenga katikati ya mpunga, akifukuza ndege kwa kombeo. Aliniona tangu mbali. Hakuinua mkono.

"Shikamoo, baba."

Akatupa jiwe. Kundi la kwelea liliruka, likatua mbele kidogo. Maishani mwangu sikuwahi kumwamkia baba nikakosa jibu. Nilisimama maji yakiwa magotini, nisijue nipande au nigeuze mtumbwi.

"Nani kakuruhusu upite kwenye maji haya?" aliuliza baadaye, bila kunitazama.

"Kesho naondoka. Nimekuja kuaga."

"Sitaki kuagwa."

Hasira zilinipanda. Nilimwambia sijamkosea, nimechagua kazi kama vijana wengine, na kama ameamua kunisusa aseme wazi ili nisisubiri. Kisha akashuka, akakaa kwenye kipandio cha chini cha ngazi, miguu ndani ya maji.

"Kaka yangu alikwenda vitani Uganda mimi nikiwa shule ya msingi," alisema. "Tulimuaga vizuri. Padri alimbariki, mama alimchinjia kuku, mimi nikambebea begi mpaka kituoni. Hakurudi. Hata nguo yake hatukuletewa. Mpaka leo nikifumba macho namwona anatupungia dirishani."

Nilijua baba mkubwa alifia vitani, lakini hayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake.

"Lebanon siyo vitani, baba. Tunalinda amani."

"Bunduki mtabeba?"

"Tutabeba."

"Haya basi," alisema. Akalikunja kombeo lake, kisha akaongeza, "Marahaba."

Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka milimani na maji yalizidi kuongezeka. Alisema siwezi kurudi peke yangu. Mimi nilikaa mbele, yeye akasimama nyuma na upondo, akiusukuma mtumbwi.

Katikati ya bonde kiboko aliibuka mbele yetu, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

"Usitikisike," baba alinong'ona.

Mkondo ulikuwa unatupeleka kwake. Baba alizamisha upondo taratibu, akaelekeza mtumbwi kwenye matete, akaniambia niyashike. Niliyashika mpaka viganja vikachanika. Kiboko alitutazama, masikio yakichezacheza, kisha akazama. Hapo ndipo palikuwa pabaya zaidi, maana hatukujua atatokea wapi. Nikahisi mkono wa baba umeshika shati langu mgongoni.

Kiboko aliibukia mbali, upande wa mtoni. Tuliondoka pale baba akisukuma kwa mkono mmoja, na ule mwingine haukuniachia shati mpaka mtumbwi ulipogusa nchi kavu. Mama alikuwa ukingoni, rozari mkononi, khanga yake imelowa.

Alfajiri mama alinisindikiza. Baba alikuwa uani ananoa panga, hakuinua kichwa. Nilipita karibu yake bila kusema kwaheri, kama alivyotaka, na hakuna jambo lililoniwia gumu kama zile hatua chache za kufika barabarani.

Kila nilipopiga simu kutoka Lebanon mama ndiye aliyepokea, nami nilimsikia baba pembeni akimwambia aniulize kama nakula. Ruhusa yangu ilipofika nilirudi salama. Baba alikuja mwenyewe Ifakara kunipokea, amevaa shati lake la kanisani. Alilichukua begi langu kabla sijamwamkia, akatangulia mbele.