Sungura Aliyezaliwa Macho Wazi

Juzi jirani yangu hapa Bungoma alijenga kibanda cha sungura nyuma ya jiko lake, na upepo ukaniletea harufu yake dirishani: majani mabichi yaliyoanza kunyauka, mbao zilizolowa mkojo, na ule ukali unaochoma pua hadi machozi yakalengalenga. Nilikuwa naosha vyombo. Nilisimama na sufuria mkononi mpaka povu likakauka, maana harufu ile ilinirudisha Kitale, mwaka ambao mdogo wangu Nekesa aliacha kuongea.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kupukuchua mahindi, lakini ukimuuliza kazi yake angekwambia anafuga sungura. Aliwapanga kwa makabila yao kama chifu. Juu walikaa Nyuzilandi, weupe pepepe, macho mekundu, wepesi wa kunenepa. Katikati walikaa Kalifonia, weupe pia, ila masikio, pua na miguu imekolea weusi kana kwamba walichungulia ndani ya sufuria yenye masizi. Chini alikaa Chinchila mmoja wa rangi ya majivu, mkorofi, ambaye Baba alimwita Hedimasta kwa sababu alipiga mguu wa nyuma kwenye mbao kila tulipofanya kelele. Mama alizoea kusema kwamba mgeni akija kwetu anajulishwa kwa sungura kwanza, watoto baadaye.

Mama aliugua wakati wa palizi. Alipelekwa hospitali Bungoma, na hakurudi. Mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kwenda mazishini, nyumbani kwa akina Baba kule Bokoli. Nekesa alikuwa bado hajaanza shule. Watu wazima waliketi wakaamua kwamba mtoto mdogo vile hawezi kubeba jambo kama hilo, akaachwa kwa jirani. Tuliporudi akauliza Mama yuko wapi.

"Ako Bungoma anatibiwa," shangazi akamjibu. "Atarudi."

Mimi nilivutwa kando nikaambiwa kwamba nikitamka lolote, mdogo wangu atakufa kwa huzuni.

Nekesa aliuliza tena kesho yake, na kesho kutwa, na kila mtu alimjibu vilevile huku akiangalia kwingine. Halafu akaacha kuuliza. Halafu akaacha kusema lolote. Uji uliganda mbele yake. Baba alimletea mandazi, akambeba mabegani akimzungusha uani, akampeleka zahanati, ambako walimulika koo lake na masikio yake wakasema hana ugonjwa. Mwili wake ulizidi kuwa mwepesi. Nilipomvalisha sweta asubuhi nilizihisi mbavu zake chini ya vidole vyangu, na nikaanza kuogopa kwamba naye atapelekwa Bungoma.

Mavuno yakafika. Jioni moja Baba alirudi kutoka shamba la jirani, walikokuwa wakikata mahindi, akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na mtoto wa sungura wa porini, wa kahawia, mdogo kuliko kiganja. Wakataji walimkuta amelala peke yake kwenye nyasi katikati ya mistari, hana shimo wala kiota. Nekesa alisogea. Yeye alizoea watoto wa Kalifonia wetu, ambao huzaliwa uchi na vipofu, wekundu, wadogo kama vidole, wamefunikwa manyoya ambayo mama yao amejinyofoa tumboni. Huyu alikuwa na manyoya yake tayari. Na alikuwa akitutazama.

"Ana macho," Nekesa akasema.

Baba alimkabidhi ile kofia, akatoka nje, na kupitia mlangoni nilimwona amesimama ameshikilia nguzo ya kibanda kwa mikono yote.

Kuanzia hapo nyumba nzima ilining'inia kwenye pumzi za yule mnyama. Baba aliacha kwenda kazini. Alitafuta maziwa ya mbuzi kwa majirani, akayapasha vuguvugu, akamdondoshea mdomoni kwa bomba la sindano, yakatiririka kidevuni. Akajaribu ya ng'ombe, akayachanganya na maji, akayatia chembe ya sukari. Alimwambia Nekesa kwamba sungura akimwona anakula, naye ataiga, na Nekesa, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akameza uji kijiko baada ya kijiko huku amemkazia macho. Sungura hakuiga. Basi Baba akamsugua kwa manyoya ya kiota ili anuke kama wa ndani, akamweka katikati ya watoto wa Kalifonia. Mama yao alinusa mara moja tu, akamrukia kwa kucha. Yule mdogo akalia. Sijui kama umewahi kumsikia sungura akilia. Hunyamaza maisha yake yote, kisha hofu ikimzidi hutoa sauti kama ya mtoto mchanga. Nekesa aliziba masikio, na jioni ile hakula.

Ndipo alipofika Kukhu, mama yake Baba, kutoka Bokoli. Kukhu ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya. Alimwinua sungura, akamtazama, akamrudisha polepole kwenye kofia.

"Huyu si wa banda," akasema. "Sungula wa polini hazaliwi kwa shimo. Mama yake anamficha kwa nyasi, anaenda mbali ndio mbwa wasifuate halufu. Jioni analudi kumnyonyesha, anaenda tena. Nyinyi mlimuokota na mama yake ako hai."

"Najua, Mama," Baba akasema.

Nekesa alikuwa amejibanza nyuma ya mlango. "Mama yake anarudi jioni?" akauliza.

Kukhu alimwangalia Baba. Baba akavaa koti.

Shamba lilikuwa limekatwa lote, mahindi yamesimamishwa mafungu mafungu kama watu waliojifunika mablanketi. Baba alikisia mahali, akamlaza sungura kwenye nyasi chache zilizobaki, tukaenda kukaa mbali, kando ya ua. Manyunyu yakaanza. Nekesa hakupepesa macho. Kila jani lililotikisika lilimfanya ainuke, na kila mara Baba alimwambia, "Tungoje kidogo." Tulingoja mpaka rangi ya shamba ikaisha. Hakuna kilichokuja.

Baba alikwenda kumchukua. Tulimfuata tukamkuta amesimama na yule mnyama kiganjani, shingo imelegea.

"Mama yake atarudi?" Nekesa akamuuliza.

Nilijua neno litakalotoka. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi hata ningeweza kulitamka pamoja naye.

"Hapana," Baba akasema. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa Nekesa. "Hatarudi. Na Mama yenu pia hatarudi. Alikufa. Tulimzika Bokoli, karibu na nyumba ya Kukhu."

Nilimtazama mdogo wangu nikingoja afe, kama nilivyoambiwa. Aliketi kwenye matope akalia kwa sauti kubwa, na Baba, ambaye mazishini alikuwa akigawa viti, akapiga magoti akalia naye. Nilikamata koti lake nikalia pia. Njiani kurudi Nekesa aliuliza maswali bila kukoma. Nani alimvalisha Mama? Alivaa viatu? Mvua ikinyesha inamfikia? Baba alijibu kila swali, na asilolijua alisema hajui.

Kwa miaka mingi niliona alikosea kumwambia pale, gizani, kwenye matope, akiwa amebeba mfu mkononi. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipomwelewa. Baba alijua sungura kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Alijua yule hataishi tangu alipomtia kwenye kofia. Lakini mradi alikuwa akipumua, Baba aliweza kuahirisha maneno yale siku moja zaidi, na mtoto aliweza kula.

Nekesa sasa anafundisha shule moja huko Moi's Bridge, na anaongea hadi walimu wenzake wanamkimbia. Siku moja nilimuuliza kama anakumbuka ile jioni.

"Mimi nilijua kutoka siku mliporudi," akaniambia. "Nguo zenu zilikuwa zinanuka moshi wa matanga. Nilikuwa tu nangoja mtu aniambie, ndio nilie."

Sisi tulidhani tunamkinga asijue. Kumbe alijua, na tulimwacha abebe jambo hilo peke yake.