Nia ya Kukaa Humo

Binti yangu alipiga simu baada ya alasiri, nami nimekaa barazani nachambua tende. Mwenye nyumba aliyopanga huko Ulaya alikuwa ameshaiuza, na yeye na wanawe wawili walitakiwa watoke kabla ya baridi kuanza. Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki. Tulikuwa tumempatia binti nyumba ndogo ya kununua huko huko, na siku hiyo alikuwa na habari zake.

Fedha ya nyumba hiyo ilitoka kwenye shamba langu la mitende hapa Ibra, bara ya Maskati, nililoliuza. Kwa kuwa shamba lilikuwa langu na bado nahema, nyumba ilikuwa iandikwe kwa jina langu. Ndivyo tunavyofanya sisi: mali hukaa kwa mzee mpaka afe, ndipo sharia iigawe. Ningeiandika kwa jina la binti peke yake, ningemdhulumu kaka yake aliye Nizwa. Hakuna aliyefikiri kwamba desturi hiyo ingetufunga njia.

"Shikamoo, Baba. Wakili kanieleza habari ya kodi."

"Marahaba, mama. Anasemaje?"

Alinieleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wa chuo changu cha Kurani. Kule, mtu anayenunua nyumba akiwa nje ya nchi hutozwa kodi nzito, ila akiwa ni mwenyewe atakayehamia na kukaa humo. Huyo husamehewa sehemu kubwa. Bila msamaha huo fedha ya shamba isingetosha, na nyumba ingekwenda kwa mtu mwingine.

"Anauliza, mwenye nyumba ananuia kukaa humo? Jibu naam, Baba. Khalas, yamekwisha."

"Mwenye nyumba ni mimi, na mimi nakaa Ibra."

"Wallahi hakuna atakayekuja kuchungulia kitandani kwako! Sema insha'Allah nitakuja. Kwani insha'Allah ni uongo?"

"Ya mtu asiyetaka kwenda ni uongo, mama. Tena umemtia Mungu shahidi."

Akacheka bila furaha. "Ungekuwa wakili, Baba, ungekufa njaa." Kisha akauliza, "Nitawapeleka wapi hawa?"

Maisha yangu yote nimesomesha watoto kwamba nia mahali pake ni moyoni, na kwamba ulimi ukisema lisilokuwamo moyoni, swala haipo. Sikutegemea swali hilo lingenijia kutoka ofisi ya kodi ya nchi ya watu.

Ijumaa mwanangu akaja kutoka Nizwa. Alisikiliza huku akinywa kahawa.

"Mwandikie naam, Baba. Wewe hata Maskati ukilala, asubuhi waulizia gari ya kurudi. Wao watajuaje?"

"Kuna Anayejua."

Nikamuuliza, kwa utaratibu, kama atakuwa radhi nyumba iandikwe kwa jina la dadake, maana yeye ndiye atakayekaa humo. Akakizungusha kikombe, akakitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeanguka humo.

"Na mimi nina watoto, Baba," akasema.

Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu. Alidai haki yake, na haki hiyo mimi ndiye niliyemfundisha.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, nikaenda makaburini. Kaburi la mke wangu ni mawe mawili bila jina, kama ilivyo kwetu. Pembeni yake pana nafasi, na tangu alipofariki kila nikipita huiangalia kama mtu anavyoangalia kitanda chake. Nilikaa pale hadi jua likachoma. Nilishahama mara moja, nilipokuwa mtoto, kutoka Unguja, nimeshikwa mkono na mama yangu. Siku ile hakuna aliyeniuliza nia. Safari hii nilikuwa ninaulizwa. Jibu la uongo sikuliweza, na wajukuu zangu walihitaji jibu la naam. Kilichobaki kubadilishwa kilikuwa moyo wangu tu.

Haukubadilika kwa wepesi. Nilimwomba Mungu aulainishe, nikarudi kumwomba tena siku za baadaye, mpaka nikaona kwamba nikisema nakwenda, nakwenda kweli. Ndipo nikatia saini kwenye karatasi ya wakili.

Nikampigia binti simu.

"Nimejibu naam."

"Alhamdulillahi! Nilijua tu, Baba, nilijua!"

"Nakuja."

Nikasikia maji ya mfereji yakimwagika kwenye sinki, kisha yakafungwa.

"Kuja kutembea?"

"Kukaa."

"Baba, mimi nilisema uandike tu."

"Najua."

"Vyumba ni viwili. Ngazi nyembamba, na magoti yako hayo. Msikiti uko mbali, mpaka upande basi. Na hiyo ruhusa ya kukaa?"

"Wakili amesema mzazi hupewa. Msikiti ukiwa mbali, nitasali nyumbani na watoto."

Akafungua tena maji ya mfereji. Nilimjua tangu mdogo. Alikuwa analia na hakutaka nisikie. Sikujua analia kwa ajili yangu au kwa ajili ya chumba kile cha pili, nami sikuuliza. Mwisho akasema, "Karibu, Baba," kama mtu anavyomwambia mgeni ambaye ameshavua viatu mlangoni.

Nashukuru. Nyumba imepatikana, na watoto wana mahali pa kulala. Ufunguo wa chuo nimeshampa mwenzangu atakayesomesha baada yangu. Mwanangu atakuja kunichukua aniteremshe uwanja wa ndege. Tangu aliposikia, kila simu anauliza kama nimenunua koti, wala hatuzungumzi jambo jingine. Jana nilikwenda makaburini nikang'oa majani yaliyoota kwenye ile nafasi ya pembeni.

Niliporudi, binti alipiga simu. Alikuwa na mkanda wa kupimia mkononi, akataka kujua kitanda changu kina upana gani, aone kama cha kiasi hicho kitaenea katika chumba cha pili.

Nikamwambia nitalala kwenye mkeka.