Mwaka wa Kung'oa Mabati

Uchaguzi ulipobakiza siku nne, Nyaguthii aliegemeza ngazi ukutani, akapanda na nyundo, akaanza kuezua nyumba yake mwenyewe. Hakufukuzwa na mtu. Kila baada ya miaka mitano alifanya hivyo hapo Timboroa, misumari akiitia ndani ya kopo ili aitumie tena. Ule mwaka mbaya wa elfu mbili na saba, paa lake liling'olewa na watu waliozoea kunywa chai jikoni mwake, kisha kuta zikatiwa moto. Akaapa: safari nyingine ataezua mwenyewe.

Zamani kura zikikaribia hofu ilimnyima usingizi. Sasa hakuna. Ndani yake mlikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa. Mumewe, Ndegwa, alikaa mbele ya hema katika kambi ya waliofukuzwa makwao miezi saba bila kutamka neno, kisha akafa, mwilini hana hata mkwaruzo. Watu wakasema presha. Nyaguthii alijua ni kura.

"Mama Muriuki! Umeanza tena?"

Alikuwa Mama Kibiwott, jirani yake Mkalenjin, amesimama uani na kibuyu cha maziwa lala.

"Mwaka huu si tuko pamoja?" akasema. "Ninyi Wakikuyu na sisi, kura zetu kikapu kimoja! Nani atakuchoma?"

"Viazi huozea kikapu kimoja."

"Wewe nawe! Na mvua hii ya Agosti? Utajifunika sufuria?"

"Kambini nilifunikwa na nini?"

Mama Kibiwott akacheka, kisha akaacha. "Unatuaibisha, mama. Wapita njia wanauliza nani amemfukuza huyu."

"Waambie amejifukuza."

Jioni ile mabati kumi na manane yalikuwa yamepangwa chini, na juu ya kitanda kulikuwa na karatasi ya nailoni tu.

Siku ya kura mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nyaguthii alipanga foleni na mfuko wa plastiki kichwani, akapiga kura, akarudi na wino kidoleni. Nailoni ilikuwa imechanika, godoro limelowa chapachapa. Akakaa juu yake hivyo hivyo.

Kesho yake kikohozi chake kilisikika hadi kwa jirani. Mama Kibiwott akaja na uji, akamkuta amejikunyata, bado ana nguo za jana.

"Utakufa, na kura bado zinahesabiwa! Turudishe hata mabati mawili."

Akaenda mwenyewe kwenye rundo, akainua bati la juu. Pembeni palikuwa na mkwaruzo wa msumari, kama mguu wa kuku. Akainua la pili. Mguu wa kuku. La tatu pia.

"Hii alama ni ya nini, Mama Muriuki?"

"Ni jina langu. Mimi sikusoma. Hata yale ya kwanza, yaliyong'olewa, niliyaandika hivyo."

Mama Kibiwott akaweka kikombe cha uji chini, akaondoka bila kuaga.

Juu ya banda la ndama wake kulikuwa na bati lenye mguu wa kuku. Nyaguthii aliliona mwaka aliorudi kutoka kambini. Miaka kumi na mitatu alikuwa akipita hapo kwenda kuchota maji, akilitazama, akisalimia.

Mchana Mama Kibiwott alirudi, bati kichwani, maji yakimtiririka shingoni.

"Mzee wangu alilileta, na mimi sikuuliza," akasema. "Nilijua ni la mtu. Sikujua ni lako." Akalitua. "Chukua jina lako."

Nyaguthii akangoja hasira ije. Akangoja machozi. Miaka yote hiyo alikuwa amemwekea mwanamke huyu maneno, yenye miiba. Akayatafuta, asipate hata moja.

"Ndama atanyeshewa," akasema.

"Anyeshewe."

Wakatazamana. Nyaguthii akachukua kopo la misumari.

"Nishikie ngazi."

Akapigilia bati hilo moja, juu ya kitanda.

"Na haya mengine?" Mama Kibiwott akauliza kutoka chini.

"Hayo yangoje watangaze."

Alipobaki peke yake alijilaza. Kwa jirani redio ilikuwa ikisoma hesabu za kura. Matundu ya misumari ya zamani kwenye lile bati hayakuangukia juu ya mbao, yakabaki wazi. Matone yalipenya, yakamdondokea begani, moja baada ya jingine. Nyaguthii hakusogea.