Herufi Zenye Miguu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikichora jina kwenye boti ya kaka yangu Otieno, hapa ufuoni Kisumu. Usinicheke kwamba naongea kizee na ndevu zangu bado changa. Wewe huna hata jino, kwa hivyo tuko sawa.

Wakati huo nilikuwa najifunza kuchora mabango kwa Mzee Okech. Jina lilikuwa NYAR ASEMBO, yaani binti wa Asembo, vile nyanya yako anavyoitwa tangu aolewe huku. Nikaliandika kwa herufi nyembamba zilizolala, kama zile za kadi za harusi. Niliota Kisumu nzima ikija kupiga picha.

Mzee Okech akasimama nyuma yangu. "Omera, ndugu yangu, hizo ni herufi ama nywele za paka?"

"Ni mtindo wa kisasa, Mzee."

"Rudi nyuma. Rudi tena. Haya, soma."

Nilirudi mpaka kwa mama wa chapati. Nikaona mikwaruzo tu.

"Jina la boti haliandikiwi aliye ndani," akasema. "Linaandikiwa anayengoja."

Akanifundisha herufi za maduka ya zamani ya mjini: nene kama viazi vitamu, miguu mipana chini, mkia uliojipinda kwenye R, kivuli cheusi ubavuni. Moyoni niliona ni ushamba. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi nikafuta, nikaanza upya, nikinung'unika.

Sasa sikia. Kuna asubuhi upepo mkali ulipiga ziwa kabla ya kukucha, na Otieno alikuwa majini. Boti zingine zikarudi. Yake, hapana. Nyanya yako akasimama ufuoni na beseni tupu la samaki, akihesabu boti. Na wewe utamjua: yule akianza kuhesabu, mambo ni mabaya.

Jua likiwa limepanda, kitu kidogo kikaonekana mbali.

"Ni ya nani hiyo?" akina mama wakaulizana. Nani angejua? Boti zikiwa mbali zote ni ndugu.

Ikageuka ubavu. Nyanya yako, ambaye hakukaa sana shuleni, akapiga kelele: "Ile miguu naiona! Ule mkia! Ni yangu! Ni Otieno!" Beseni likaruka huko, akaingia majini na kandambili zake. Mimi nikaliokota beseni, nikamfuata.

Otieno akafika, amelowa chepechepe. "Mbona mnalia, kwani nani amekufa?"

Nyanya yako akavua kandambili, akamchapa nayo, kisha akamkumbatia mpaka akakohoa.

Mwanangu, kazi yoyote utakayoshika, usiifanye ipendeze macho yako tu. Kuna mtu amesimama mbali, roho mkononi, anaitafuta. Mfanyie huyo. Na mkubwa akikuambia urudi nyuma uangalie, rudi, hata kama utanung'unika kama babako.

Mungu akukuze, akuoteshe hayo meno salama. Na popote utakapotoka kurudi nyumbani, awepo mtu ufuoni wa kukutambua ukiwa bado mbali.