Wageni Wasio na Kesi

Hapa Lackawanna, Marekani, kuna mzee wa Kiayalandi, mwanasheria wa mji mdogo aliyegeuka diwani. Wiki iliyopita alifiwa na mkewe. Akina mama wa Kikongo aliowahi kuwatetea wakanichukua niwe mkalimani, wakidhani Mtanzania aliyezunguka dunia lazima anajua Kiingereza cha msiba.

Alitufungulia mwenyewe, tai shingoni. Kabla hatujampa pole, akavaa miwani na kushika kalamu.

"Haya, nani ana shida gani?"

Nikatafsiri. Mama aliyebeba sufuria ya wali akatikisa kichwa.

"Bon, papa, hatuna kesi. Tumekuya tu kuikala na wewe."

"Kukaa, halafu?" mzee akaniuliza.

Nikampelekea mama swali.

"Halafu kesho tena."

Mezani palikuwa na viti viwili tu, kwa mtu aliyepigiwa kura na mji mzima. Kimoja kilikuwa cha marehemu. Akina mama wakatandika vitenge, wakaketi chini. Mimi na magoti yangu tulishuka kwa awamu, kama ahadi ya uchaguzi.

Mzee akabaki amesimama na kalamu yake, mpaka mama akapigapiga zulia kando yake. Hilo halikuhitaji mkalimani. Akalegeza tai, akaja kukaa.