Mhuri Haurudishwi Nyuma

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijapoa mpaka leo.

Nilikuwa nimerudi kwetu Nyamigogo na diploma ya uganga, na usidhani niliiokota njiani. Nauli ya kwenda chuoni niliipata kwa kupakia ndizi za watu kule Murusagamba, msimu baada ya msimu. Katika kijiji chetu cha ujamaa hapakuwa na kijana mwingine mwenye cheti kama changu. Najisifu, ndiyo. Nilichokipata kwa mgongo wangu nikisemee kwa mdomo wa nani?

Kwenye zahanati yetu akina Maria na Yohana walikuwa tele, kwa hiyo wagonjwa tuliwaita kwa namba. Tulikuwa na mhuri wa chuma. Kila alipokuja mgonjwa mpya, uligonga namba moja mara mbili: kwenye kadi kubwa iliyobaki kwetu, na kwenye kadi ndogo aliyokwenda nayo nyumbani. Kisha magurudumu yake yakajisogeza yenyewe kwenye namba inayofuata.

Vita vilipoanza, kadi kubwa zilipakiwa kwenye debe zikapelekwa Nyarubungo zihifadhiwe. Sisi tuliendelea kutibu na kugonga. Halafu mvua ikaezua paa, na kadi kubwa zote zilizogongwa baada ya debe kuondoka zikawa uji. Vita vilipokwisha debe lilirudi zima, tukashangilia.

Mganga mkuu wetu akatazama kadi ya mwisho debeni, akatazama mhuri, ambao ulikuwa umekwenda mbele sana. Akachukua pini, akaanza kuyarudisha magurudumu nyuma.

"Mzee, hizo namba zina wenyewe," nikamwambia. "Wako nazo majumbani."

"Kwenye debe wamo? Mkaguzi akikuta pengo ataniuliza mimi, hatauliza diploma yako."

"Lakini pengo ni la kweli."

"Basi lioe!"

Watu wakacheka. Mimi nikahamishiwa chumba cha vidonda, nisiuguse mhuri tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uuzibe kwa mwili wa mtu!

Siku ya gulio akaja Bi Leokadia, mama mzima, kifua kimembana. Alitoa kadi yake ndogo. Nilisikia mganga akiita namba na kuagiza penisilini, kisha nikasikia sauti ya yule mama. Nikaitambua. Penisilini ilikuwa imekaribia kumwua wakati wa vita, na mimi mwenyewe ndiye niliyeandika onyo kwa wino mwekundu kwenye kadi yake kubwa, ile iliyoliwa na mvua. Kadi iliyokuwa mezani sasa ilikuwa ya kijana mmoja mwenye afya ya ng'ombe, aliyegongewa namba ileile baada ya mhuri kurudishwa nyuma.

Nilikimbia. Sindano ilikuwa imekwisha kujazwa. Nikaidaka mkononi mwa mganga.

"Shikamoo, mama. Dawa hii si ndiyo iliyokuvimbisha koo?"

"Marahaba. Ndiyo hiyohiyo. Si mliandika wenyewe? Mimi nilikaa kimya nikijua mnajua."

Nikamweleza yaliyotendeka. Akamgeukia mganga, akihema.

"Kumbe lile pengo ni mimi, baba?"

Mganga akajifanya anapunguza moto wa jiko la kuchemshia sindano. Hakusema pole, wala hakuisema mpaka alipoingia kaburini. Nikatwaa mhuri mbele ya macho yake, nikausogeza kupita kila namba iliyowahi kugongwa. Tukawaita wote wenye kadi ndogo, na waliopewa namba za wenzao tukawagongea mpya.

Mwanangu, leo wewe unatunza kumbukumbu za watu kwenye kompyuta, na nasikia bado mnafanya ujinga uleule: mnarudisha nakala iliyohifadhiwa, halafu kihesabu cha namba kinaanza pale nakala ilipoishia. Hapana! Unapohifadhi kumbukumbu, hifadhi na mahali kihesabu kilipofika. Unapozirudisha, kipeleke mbele ya namba ya mwisho iliyowahi kutolewa, hata kama mwenyewe hayumo kwenye nakala. Pengo liache wazi. Mficha uchi hazai, na mficha pengo huua.

Mungu aibariki mikono yako. Akujalie miaka mingi, na popote ulipoandikwa, asije mtu akapewa nafasi yako nawe ungali unapumua.