Nilivyompeleka Mama Neema kuthibitisha kwamba yeye ni Mama Neema (Birmingham, UK)

Wakuu, salaam kutoka Birmingham.

Hii siyo chai, siyo stori ya kutunga. Anayetaka chai akachemshe mwenyewe. Mimi naleta kilichonitokea, na sehemu kubwa ya aibu iliyomo ni yangu.

Kwanza mjue kitu kimoja. Hapa UK hakuna kitambulisho cha taifa. Hakuna kitu kama NIDA. Ukiambiwa uthibitishe wewe ni nani, unatoa passport au leseni ya udereva. Huna? Wanaanza kukuomba barua ya council (halmashauri), bili ya gesi, statement ya benki.

Benki inataka bili ndipo ikujue. Kwenye bili nako wanakuuliza benki. Yaani ni kama watu wawili wanaodhaminiana na hakuna anayemjua hata mmoja wao.

Miaka yote niliona ni raha tu. Hakuna foleni ya alama za vidole, hakuna kusubiri kadi mpaka unasahau uliiomba lini. Sasa nisikilizeni.

Jirani yangu hapa Great Barr ni mama wa Kikongo, kwao Bukavu. Tunasali kanisa moja: Wakenya wengi, Wakongo wengi, na sisi Wabongo wa kuhesabika. Ana binti wa miaka sita, Neema. Kwa hiyo yeye ni Mama Neema na mimi ni Baba Doreen. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Mama Neema kwao alikuwa nesi. Vita vilipomkimbiza alitoka na nguo alizovaa, vyeti vikabaki. Hapa anafanya care, anaogesha wazee wa watu. Mwaka huu chuo kimoja kikamwambia kitampa nafasi ya kurudi kwenye unesi, ila kwanza kione vyeti halisi. Siyo picha ya WhatsApp. Halisi. Mwisho Jumatatu.

Kaka yake akavipata. Msiniulize alivipataje, hata mimi nilisimuliwa nusu. Akampa dada mmoja aliyekuwa anapita Kampala, avitume kutoka huko. Huyo dada hakumjua Mama Neema hata kwa sura.

Siku ya kutuma, Mama Neema alikuwa kazini, simu iko kwenye locker. Dada akanitext mimi, namba alipewa na kaka: "Niko counter, nipe jina na address haraka."

Mimi ni mtu wa kuhakiki. Nikaandika namba ya nyumba, mtaa, postcode. Herufi za postcode nikazihesabu mara mbili. Juu kabisa nikaweka jina.

MAMA NEEMA.

Nikatuma. Nikajisifu.

Kifurushi kilipofika hapakuwa na mtu nyumbani kwake, watu wa kampuni ya vifurushi wakaacha karatasi mlangoni. Kachukue depot yao upande wa Longbridge (sisi tuko kaskazini ya mji, depot kusini kabisa). Uje na kitambulisho. Mwisho Ijumaa, baada ya hapo kinarudi kwa mtumaji.

Mtumaji alishaondoka Kampala. Address aliyoandika ilikuwa ya lodge. Kikirudi, ndiyo basi tena.

Alhamisi nilikuwa off, nikamsindikiza. Kupatana ndiyo fani yangu, sokoni mjini kuna wauzaji wakiniona wanajifanya wanafunga. Kwenye basi nikahesabu karatasi alizobeba: saba. Nikarudia: saba. Travel document yake (ile passport ya wakimbizi), barua ya council, ya benki, ya GP (daktari wa mtaani), payslip mbili, na cheti cha kuzaliwa cha Neema, kile kifupi. Nikamwambia hapa hata Ikulu tunaingia.

Counter alikuwepo jamaa mmoja mwenye ndevu, mpole. Kifurushi tulikiona kwa macho yetu, kwenye rafu nyuma yake.

Akasoma kifurushi. Akasoma travel document. Akasoma tena kifurushi.

"Hiki ni cha mtu anaitwa Neema. First name, Mama."

"Ndiyo huyu," nikasema.

"Huyu anaitwa Bahati Nsimire Chantal."

Wakuu, niligeuka kumtazama kama namwona leo.

"Kumbe unaitwa Chantal?"

"Baba Doreen, ulikuwa unawaza mama yangu alinizala akaniita Mama?"

Nikaanza kupatana. "Boss, hilo Mama siyo jina, ni cheo."

"Cheo cha nini?"

"Cha kuwa na Neema."

Akatabasamu, ila mkono haukwenda kwenye rafu. Nikatoa cheti cha Neema, nikakiweka mbele yake kama mtu anayemaliza kesi. Akakigeuza mbele na nyuma.

"Hiki kinasema Neema yupo. Hakisemi mama yake ni nani."

Kweli. Kile kifupi kina jina la mtoto na tarehe, wazazi hawamo. Akasema kuna kirefu chenye majina ya wazazi. "Mkija nacho nitamwita supervisor. Siahidi kitu."

Tulipotoka nje nikamuuliza, kirefu unacho?

"Niko nacho. Ku nyumba."

"Sasa mbona hukukibeba?"

"Ile haitokake ku nyumba, Baba Doreen. Zangu nilitengana nazo, zikapotea. Ya mtoto haitatoka."

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Nikayameza. Badala yake nikasema lile nililolificha tangu counter: "Jina niliandika mimi."

"Nilijua. Kaka yangu anajua jina langu."

Hiyo ilinipata, wakuu. Miaka sita tunakula pamoja Krismasi.

Ijumaa, siku ya mwisho, nikabadilishana shift na mwenzangu. Mama Neema aliona njia nyingine hakuna, akatoka na kirefu. Hakukiweka kwenye begi. Alikifunga kwenye nailoni, akakizungushia kitenge kiunoni, akavaa koti juu. Mabasi mawili, mkono wake hakuutoa tumboni. Mzungu mmoja akamwachia siti akidhani ni mjamzito. Akashukuru, akakaa.

Supervisor alikuja, mama mtu mzima wa asili ya Kipunjabi, miwani imening'inia kwa mnyororo. Akaweka cheti kirefu kando ya travel document, akapitisha kidole jina kwa jina. Mtoto, Neema. Mama, Bahati Nsimire Chantal. Halafu akatazama kifurushi.

"Mama maana yake mum?"

"Ndiyo."

"Mum wa Neema."

"Ndiyo," Mama Neema akajibu mwenyewe. "Mi njo mama yake."

Yule mama akacheka kidogo. Akasema mama mkwe wake maisha yake yote aliitwa Mama Bobby, kwa Kipunjabi chao. Siku ya msiba nusu ya waliokuja walisoma jina lake halisi mlangoni wakadhani wamekosea ukumbi.

Akamwambia jamaa, mpe.

Jamaa akaleta kifurushi na kalamu. "Sign hapa."

Mama Neema akashika kalamu, akasita. "Nisign nani?"

"Wewe ni nani?" supervisor akamuuliza, kwa upole tu.

Akaandika yote matatu, Bahati Nsimire Chantal, taratibu kama mwanafunzi. Akafikiri. Chini yake akaongeza: Mama Neema.

Akafungua palepale kwenye benchi. Vyeti vitatu, kimoja kimeliwa kona na mchwa. Akavihesabu kwa kidole, kisha akanisogezea. "Hesabu na wewe."

Vitatu.

Jumatatu akavipeleka chuoni mwenyewe, wakavikagua, wakamrudishia mkononi. Nafasi amepata. Anaanza muhula ujao.

Funzo nililopata, wakuu. Nchi isiyo na kadi, wewe ni vile watu wanaokujua watakavyosema. Na mimi niliyejiita namjua, nilipoulizwa jina lake niliandika la binti yake.

Juzi nimefungua simu. Mama fulani kumi na tisa, Baba fulani kumi na mmoja. Nikahesabu upya, ni hao hao. Majina kamili ninayoyajua: manne.

Nimeanza kuwapigia mmoja mmoja. Mama Shiru, nesi wa Kikenya anayekaa Harborne, nilipomuuliza jina lake lote akang'aka: "Kwani nimefanya nini? Unanipeleka kortini?" Alipoelewa alinitajia matatu, akaniambia hajalitamka la katikati tangu aolewe.

Mlioko ughaibuni, ninyi mlikwamia kwenye karatasi gani? Na wewe unayesoma, majirani zako wangapi unaweza kuwaandikia majina yao yote sasa hivi bila kumuuliza mtu? Wekeni idadi hapa. Msidanganye, nitahesabu.